Kwa Miguu Kutoka Kericho Mpaka Bomet: Habari za Baridi ya Usiku

Wasomaji wengi wameiona nchi ya Kericho kwa dirisha la motokaa tu. Hupita upesi, wakaona majani ya chai yametandazwa vilimani kama mkeka mmoja usio na mwisho, wakasema, "Nchi hii ni nzuri," kisha wakaenda zao Kisumu au Nakuru. Maneno hayo ni kweli, lakini ni maneno ya mchana. Mtu asemaye habari za Kericho naye hajalala huko usiku, tena chini, hajamaliza habari. Mimi nimelala huko, nami nataka kuwaeleza wasomaji mambo yaliyotupata mimi na mpwa wangu mwezi wa Julai mwaka jana. Kidogo yangetutoa roho, na asili yake ilikuwa jambo ambalo watu hulicheka, yaani baridi ya miguu.

Mimi ni mtu wa Pwani. Nilizaliwa katika nchi ya minazi, nikafanya kazi ya ukarani miaka mingi, na sasa nimestaafu. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alipata kazi ya karani katika kituo kimoja cha kununulia majani ya chai upande wa Bomet, akaambiwa afike siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, bila kuchelewa. Sisi tulifika mji wa Kericho Jumanne jioni. Akaniambia, "Mjomba, nitakaa katika nchi hii miaka mingi. Afadhali niijue kwa miguu kabla sijaijua kwa vitabu vya hesabu." Neno hilo lilinipendeza. Tukaazimu kwenda kwa miguu siku nne, kila mtu na shanta yake mgongoni, na mzigo wa kila mmoja usizidi kilo 6.

Basi tukapunguza vitu. Tulichukua turubai moja jepesi, blanketi moja kwa kila mtu, sufuria ndogo, unga, chumvi, chupa za maji, na shati la kubadili. Sweta nzito tuliziacha, na godoro jembamba la sponji tuliliacha vilevile, kwa kuwa tulisema, "Ardhi ya Mungu yatutosha." Soksi tulikuwa nazo zile tulizozivaa tu. Mzigo mwepesi ni furaha ya mchana, lakini mtu asipochagua kwa akili, hulipa deni lake usiku.

NCHI YENYEWE

Kericho iko karibu sana na mstari wa ikweta, na mgeni hudhani kwamba kila nchi ya ikweta ni ya joto. Lakini mji huo uko juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 za Selsiasi. Mchana jua huwa la wastani na la kupendeza. Usiku mara nyingi joto hushuka hata nyuzi 10, na pengine chini yake.

Mvua nayo ni rafiki wa nchi hii. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, ukapanda kuelekea misitu ya Mau, na alasiri hugeuka wingu na ngurumo, na pengine mvua ya mawe ambayo wakulima wa chai huiogopa sana, kwa kuwa huchanachana majani. Chai hupenda maji hayo na ubaridi huo. Mche wa chai ulianza kupandwa katika Kenya huko Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni yakafungua mashamba makubwa ya Kericho, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameipoteza. Wakulima wadogo waliingia baadaye, na mwaka 1964 likaundwa shirika la kuwasaidia, KTDA. Leo mtu akienda kwa miguu huona mambo hayo yote kwa macho yake: upande huu shamba la kampuni, safi kama kitabu kilichopigwa mistari, na miti ya mikalitusi ya kuni za kiwanda, upande ule shamba la mtu mmoja, chai kidogo, mahindi kidogo, ng'ombe wawili, na watoto wakipunga mikono.

USIKU WA KWANZA

Jumatano tulitoka mjini mapema, tukafika karibu na Chemosit jioni. Alasiri mvua ilitunyeshea, na viatu vyetu vikajaa maji. Mwenye shamba mmoja akatupa ruhusa ya kutega turubai letu katika shamba lake. Tukachagua bondeni, karibu na kijito, kwa kuwa palikuwa tambarare, maji yalikuwa karibu, wala upepo haukuvuma. Yule bwana akatutazama, akasema neno moja tu: "Huko chini kuna baridi." Tukamshukuru sana, tukashuka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tulikuwa tayari kuvunjika yote manne.

Tulikuwa tumechoka, hatukupika. Tulikula mkate kidogo, tukajifunika blanketi, tukalala na soksi zetu mbichi, tukidhani soksi mbichi ni bora kuliko mguu mtupu. Mawingu yakaondoka, nyota zote zikatoka. Hata ilipofika saa nane za usiku, nikaamka nikadhani miguu si yangu. Vidole vilikuwa kama vijiwe. Nilivisugua, nikavipiga, nikavikunja, wala havikupata moto. Nikamwita mpwa wangu, akanijibu meno yakigongana, "Mjomba, sijalala hata kidogo." Tukakaa kitako mpaka alfajiri, tumeegemeana mgongo kwa mgongo.

Baadaye nilijifunza kosa letu. Usiku ambao mbingu ni wazi, ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mlimani kama maji, ikajaa bondeni. Wakulima wa chai wanajua habari hiyo kwa hasara. Mwezi wa Januari 2012 jalidi ilianguka Kericho na Nandi ikaunguza majani ya chai yakawa mekundu kama yaliyopitiwa na moto. Jalidi kwa desturi hushika mabondeni kwanza. Nasi tulikwenda kulala nyumbani kwake.

USIKU WA PILI

Alhamisi tulikwenda tukichechemea. Mpwa wangu alitoka lengelenge kisiginoni, na usingizi ulikuwa machoni mwetu. Karibu na Litein tukakutana na mzee mmoja Mkipsigis aliyechuma chai tangu ujana wake. Tukamwamkia kwa lugha yake, "Chamgei," akafurahi, akatuchukua nyumbani kwake. Mkewe akatupa maziwa ya kibuyu, mursik, na chumba kidogo cha pembeni cha kulala, chenye dirisha moja dogo. Mgeni akipewa mlango na kitasa chake, amtake Mungu nini tena?

Lakini sakafu ilikuwa ya saruji, nasi hatukuwa na godoro. Wenyeji walitaka kutupa lao, tukakataa kwa haya. Usiku wa manane mpwa wangu akaona miguu imekufa ganzi tena. Akakumbuka kwamba nje, mlangoni pa jikoni, aliona jiko la makaa likiwa bado lina moto. Akatoka polepole asituamshe, akaliingiza chumbani, akaliweka karibu na nyayo zake, akafunga mlango, na kale kadirisha akakaziba kwa gunia ili upepo usipite. Akalala, akaona raha.

Mimi nilizinduka kwa haja ndogo, nami kila mara namshukuru Mungu kwa haja ile. Kichwa kilikuwa kikiniuma kama kinachopigwa nyundo, na tumbo likichafuka. Nilipotaka kusimama, magoti yakakataa. Nikamwita mpwa wangu kwa jina lake mara tatu, asijibu. Hapo nikaona ule wekundu wa makaa gizani, nikaelewa. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikaufungua, nikapiga kelele. Mzee na mkewe wakaja mbio, wakamkamata kijana kwapani, wakamvuta mpaka uani. Alilala pale majanini, uso umelegea, nami nilikuwa nikifikiri nitamwambia nini dada yangu.

Baada ya kitambo akavuta pumzi kwa nguvu, akatapika, akafumbua macho. Tukamchukua kwa pikipiki mpaka hospitali, wakampa oksijeni, na alasiri ya Ijumaa wakamruhusu. Soksi yake moja ilikuwa imeungua ubavuni, naye hakusikia moto, kwa kuwa mguu ulikuwa na ganzi. Bahati moto haukufika ngozini.

Wasomaji, naomba neno hili lishikwe kuliko mengine yote. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Huingia katika damu, ikashika mahali palipopasa kushikwa na oksijeni, na mtu hufa huku akidhani analala. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kisunzi, kichefuchefu, na ulegevu wa viungo. Mwenye kuziona na atoke nje mara moja, na wenzake wampeleke hospitali hata kama ameamka, wala wasingoje kukuche. Jiko lisilale ndani ya chumba cha watu, hata likiwa na majivu juu, wala lisiingizwe ndani ya hema au chini ya turubai lililofungwa pande zote.

MAFUNZO YA MZEE

Siku ile ya Ijumaa tulipumzika kwa mzee. Siku yetu moja ilikuwa imekwisha kupotea, na Jumatatu ilikuwa yaja. Jioni mzee akaketi nasi, akatutazama kwa huruma, akasema, "Wanangu, mnaitafutia miguu moto, na matumbo yenu ni matupu, na vichwa vyenu viko wazi. Nyumba ikivuja juu, mtu hafagii maji sakafuni akasema ameitengeneza."

Maneno hayo ya mzee ndiyo maneno ya waganga wa hospitali vilevile. Mwili wa mtu ukipatwa na baridi hutunza kwanza moyo, mapafu na ubongo. Mishipa midogo ya mikononi na miguuni hujifinya, damu ya moto ikapungua huko, ndipo vidole vikafa ganzi. Basi mwenye miguu ya baridi na avae kofia, ajifunike kifua na shingo, na damu itateremka yenyewe.

Mzee akatuambia tule kabla ya kulala, tena chakula chenye nguvu: ugali wa wimbi, maharagwe, mafuta kidogo. Chakula ndicho kuni za mwili. Pombe akaikataza, na sababu yake ni wazi: pombe huleta damu karibu na ngozi, mtu akajiona ana joto, kumbe joto lake linatoka nje upesi. Tumbaku nayo huifinya mishipa. Chai ni njema, lakini kikombe kimoja, si birika zima, kwa kuwa mwenye kwenda haja kila saa hawezi kupata joto. Tena haja ikija, mtu asijikaze mpaka asubuhi. Atoke mara moja, arudi alale.

Habari za soksi alizisema kwa ukali. Kila msafiri awe na soksi za kulalia, za sufu, zisizobana, wala asizivae mchana hata mara moja. Soksi ikibana huzuia damu, na ikiwa mbichi hunyonya joto la mguu usiku kucha. Kabla ya kuzivaa mtu aoshe miguu, aikaushe vizuri hata kati ya vidole, aisugue kwa mafuta kidogo. Uzito wa jozi moja ya soksi ni mdogo kuliko wa ndizi moja. Nasi tuliziacha tukaona tumefanya akili!

Jambo la nne ni ardhi. Sisi tulitazama blanketi la juu tu, tukasahau kwamba ardhi hula joto zaidi kuliko hewa. Mzee alituonyesha majani makavu ya migomba na nyasi kavu, akasema kitanda kizuri ni kile chenye unene wa shibiri moja kabla ya kulaliwa. Palipo na uhaba, shanta tupu iwekwe chini ya miguu, au mtu aingize miguu yake ndani yake pamoja na soksi zake kavu. Blanketi likunjwe upande wa miguuni kama bahasha, lisiache tundu. Wala mtu asifunike kichwa akapumulia ndani, kwa sababu pumzi ina maji, na maji hayo hulowesha blanketi.

Mwisho akatufundisha chupa. Maji yapashwe moto, yatiwe katika chupa ngumu isiyovuja, kizibo kikazwe, chupa ipinduliwe ijaribiwe, kisha itiwe ndani ya soksi au kitambaa, iwekwe kati ya mapaja kwanza, na baadaye miguuni. Kati ya mapaja hupita mishipa mikubwa ya damu, na damu ikipata moto pale huupeleka chini. Chupa laini za dukani hazifai, maana hunyongonyea kwa maji ya moto. Na mguu wenye ganzi usikutanishwe na chupa tupu wala na moto, kwa kuwa hausikii ukiungua. Wenye ugonjwa wa sukari wajihadhari zaidi, kwa sababu miguu ya wengi wao hupoteza hisia hata pasipo baridi.

WACHUMAJI NA WAKULIMA

Nilipokuwa nikimsikiliza mzee, nilifikiri kwamba mafunzo haya si ya wasafiri tu. Mchumaji wa chai huingia shambani alfajiri na umande, na buti zake za mpira huzuia maji ya nje lakini huyaweka maji ya jasho ndani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi huko Ulaya walikaa katika mahandaki yenye maji na tope, miguu yao ikavimba, ikafa ganzi, na wengine wakakatwa. Maradhi hayo hayahitaji barafu. Huja hata pasipo baridi ya kugandisha, mradi mguu uwe mbichi muda mrefu. Dawa waliyoamriwa askari ilikuwa rahisi: kukausha miguu, kuisugua kwa mafuta, na kubadili soksi kila siku. Mkulima aweza kufanya hivyo nyumbani kwake bila gharama kubwa. Awe na jozi mbili za soksi, moja mguuni na moja kambani, na buti zipinduliwe usiku zitoke maji.

USIKU WA MWISHO

Jumamosi asubuhi kijana alikuwa na nguvu tena. Mama mwenyeji akatupa jozi mbili za soksi alizozifuma kwa mkono, akakataa fedha. Tukaingia nchi ya Konoin, upande wa Mogogosiek, ambako chai hufuatana na njia kwa saa nyingi, na upande wa mashariki msitu wa Mau husimama kama ukuta mweusi. Njia hupanda na kushuka, na kila bondeni kuna mto au kijito. Maji ya Itare na Kipsonoi huenda mto Sondu. Bali maji ya Nyangores, upitao Bomet, huenda mto Mara, yakapita mbele ya nyumbu na mamba, yakaingia Tanzania. Na yote, kwa njia zake mbalimbali, hufika Ziwa Victoria. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kumbe hata maji huku yanakwenda kazini."

Jioni tuliomba ruhusa tena, lakini safari hii tulimwuliza mwenye shamba, "Wewe ungelala wapi?" Akatuonyesha mahali mtelemkoni, juu ya bonde, nyuma ya ua wa miti. Tukakata nyasi kavu, tukapika ugali na maharagwe, tukaosha miguu, tukavaa soksi za mama, tukajaza chupa zetu. Moto tuliuzima nje. Usiku baridi ilikuja kama desturi yake, tena mbingu zilikuwa wazi kuliko usiku ule wa kwanza. Mimi niliamka mara moja, nikagusa vidole vyangu kwa vidole vyangu, nikaona viko. Nikasikiliza pumzi za mpwa wangu, nikalala tena mpaka jogoo wa jirani alipowika.

Jumapili tulipita Silibwet, tukaingia Bomet jua likiwa bado juu. Jumatatu, saa mbili kasorobo, kijana alikuwa amesimama mlangoni pa kituo chake cha majani, viatu vimepigwa rangi. Mimi nikapanda basi nikarudi kwetu kwenye minazi.

Baada ya mwezi mmoja alinipigia simu. Akaniambia kwamba siku za mvua makarani wenzake walikuwa na desturi ya kujifungia katika chumba cha mizani pamoja na jiko la makaa, huku wakilalamika juu ya maumivu ya kichwa, wakidhani ni hesabu zinazowachosha. Akawaeleza habari ya Litein. Wakacheka kwanza, kisha wakanyamaza. Sasa jiko liko nje barazani, na makarani wana soksi mbili kila mmoja.